Gemu Iliyofungwa kwa Kitambaa Cheupe

Nyakato, Mwanza
Jumapili, 14 Aprili 2024

Mpendwa Hellen,

Salamu nyingi. Huku mvua haijaacha kunyesha wiki nzima, nguo hazikauki, lakini mimi sijambo. Najua utasema ningeweza kukuuliza hili kwa simu. Kwenye simu najijua. Naandika "poa", wewe unaandika "sawa", habari imekwisha. Kwenye karatasi angalau nalazimika kujaza ukurasa.

Jana nilipita dukani kwa Suhaib, pale Makoroboi, kufuata chaja. Akanionyesha gemu ya kushika mkononi, ya kisasa, kioo cha rangi kinachong'aa, na vitufe vyake vya pembeni vinachomoka: upande mmoja unashika wewe, wa pili anashika mwenzako, mnacheza wawili. Wateja watatu walihudumiwa wakaondoka, mimi bado nimeishika. Suhaib alinicheka mpaka nikaona aibu.

Nilikumbuka ile yetu ya matofali. Ile ya kijivu aliyokununulia baba yako uliposhika namba mbili darasa la tano. Tuliichezea nyuma ya jineri, pale walipochambua pamba, tumekaa juu ya magunia ya mbegu, na sheria ilikuwa yako: ukifa unatoa. Matofali yakijaa mpaka juu umekufa, unampa mwenzio, hakuna kubishana. Betri zikichoka tunazianika juu ya bati, zikigoma tunazing'ata. Mpaka leo nikiona betri nasikia ile ladha mdomoni.

Na baba alipohamishiwa huku mwaka 2001, tukaamua gemu isiwe ya mmoja. Mwezi kwako, mwezi kwangu, inavuka ziwa na meli ndani ya kopo la maziwa ya unga, na barua juu yake. Nadhani hakuna watoto wengine, Nansio wala Mwanza, waliokuwa wanakimbilia gatini kupokea kopo la maziwa lisilo na maziwa kwa furaha ile.

Basi wazo langu ni kununua hii mpya, ivuke kama ile, mwezi kwako, mwezi kwangu. Tatizo ni moja. Suhaib anasema kuna toleo lililoboreshwa linakuja, huenda mwakani, kioo kikubwa zaidi na betri inayodumu. Nikinunua leo, mwakani nitakuwa nimeshika kitu kilichopitwa. Nikingoja, tutakosa mwaka mmoja tu. Nimeandika faida na hasara kwenye karatasi, nimezihesabu mara mbili, zimelingana. Wewe unasemaje?

Barua nampa Queen wa kantini ya meli, kama kawaida.

Ni mimi,
Mihayo


Nansio, Ukerewe
Jumapili, 21 Aprili 2024

Kwako Bwana Mizani,

Nimecheka peke yangu ofisini mpaka mwalimu mkuu akauliza kama nimepata mshahara mara mbili. Mtu anashinda sokoni kukagua mizani ya wenzake, akirudi nyumbani bado anapima. Faida na hasara zimelingana! Zingeacha kulingana ningeshangaa.

"Mwaka mmoja tu." Hebu nikukumbushe. Msingi wa nyumba yako kule Kisesa ulijengwa mwaka gani? Baba mkubwa Machibya anapita pale kila akienda kanisani, anasema ndani ya chumba cha kulala umeota mpapai na umeshazaa. Ulikuwa unangoja bati za aina mpya. Zilipotoka ukasikia zinakuja nyingine.

Na hiyo gemu unayoililia, unakumbuka ilikufaje? Ulikuwa mwezi wako. Desemba 2002. Betri zilikwisha, nikakuandikia nunua za dukani, ukajibu baba yako ataleta za nguvu kutoka Dar. Ukangoja. Zile mbovu ukaziacha ndani zikavuja, zikala vyuma vyote. Nilikwenda gatini Januari, Februari na Machi. Mwezi wa nne nikaacha kwenda. Kwa hesabu yangu zamu yako haijaisha mpaka leo, maana ulikufa na hukutoa.

Jibu langu ni hili: nunua hii iliyopo. Ile inayokuja ikija, itatukuta tunacheza.

Na kwa kuwa tumeanza mambo ya kungoja, nina habari. Kuna mtu wa Magu anaitwa Ngosha, ana mashine ya kukoboa mpunga, mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita. Tulikutana kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Amewatuma watu kumuuliza baba kama mlango uko wazi. Baba amewajibu wavune kwanza, walete barua mwezi wa saba. Ni mtu mwema, Mihayo. Nimemtafutia kasoro sijaiona. Nina miaka thelathini na sita, na mama ameanza kupunguza sauti akiongea na majirani.

Nakueleza kwa sababu nakueleza kila kitu. Wewe unasemaje?

Mwalimu wako,
Hellen


Nyakato, Mwanza
Jumapili, 5 Mei 2024

Mpendwa Hellen,

Barua yako niliipata siku mbili tu baada ya wewe kuiandika, Queen ni mwaminifu. Nimeisoma mara nyingi.

Kuhusu gemu, nilirudi kwa Suhaib kuuliza zaidi. Inaonekana toleo jipya litakubali pia michezo ya toleo hili, kwa hiyo hakuna kinachopotea ukinunua sasa. Lakini pia hakuna kinachopotea ukingoja. Unaona ugumu wake.

Kuhusu Ngosha, hongera. Mtu mwenye mashine ya kukoboa ana uhakika wa maisha, na Magu si mbali. Nilikuwa nawaza hata gemu itafikaje ukishahamia kule, nikaona itakuwa rahisi kuliko sasa, ni barabara tu, hakuna kungoja meli.

Kuhusu Desemba 2002, ni kweli. Ninayo mpaka leo, iko kwenye droo ya kitanda. Nilishindwa kuituma imekufa, na nilishindwa kuitupa.

Barua hii nimeiandika mara nne. Hii ndiyo iliyobaki.

Ni mimi,
Mihayo


Nyakato, Mwanza
Jumapili, 16 Juni 2024

Mpendwa Hellen,

Wiki sita hujaandika. Nilimuuliza Queen kama barua ilipotea. Akasema haikupotea, ulipokea mwenyewe gatini, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukamwambia hakuna majibu. Aliniambia hivyo huku ananiangalia kama mtu aliyemkanyaga. Nimekaa na maneno hayo.

Nimeinunua. Jumatano nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja kwa Suhaib, nikamwambia funga hiyo kabla sijaanza kuuliza maswali. Nilifika nayo nyumbani nikaiweka mezani, nikagundua sitaki kuicheza peke yangu. Mwezi wa kwanza uwe wako.

Queen nampa barua hii tu, gemu nimeogopa kumpa, kantini ina maji na mafuta. Jirani yangu Mzee Muhidin, yule fundi cherehani, anakuja Nansio Ijumaa kumwona binti yake. Ni mtu mzima anayeheshimika, hawezi kuangusha kitu. Amenipa kitambaa cheupe kipya kutoka dukani kwake nikafungia, kioo kisikwaruzike. Na kwa sababu ninyi ni watu wa heshima, sikutaka ionekane natuma vitu kwa binti wa watu kwa mlango wa nyuma. Nimemwandikia baba yako barua fupi, nimeiweka juu ya mzigo kwenye bahasha, na nimemwambia Mzee Muhidin amkabidhi baba mwenyewe, mkononi. Naamini safari hii sijakosea kitu.

Kuna jambo jingine nilitaka kuliandika hapa. Lakini nataka kulipanga vizuri kwanza, litoke sawasawa. Nitaliandika kwenye barua ijayo.

Ni mimi,
Mihayo


Nansio, Ukerewe
Jumapili, 30 Juni 2024

Mihayo,

Safari hii kaa chini kabla hujasoma.

Ijumaa ile nilipata barua yako shuleni saa tano, nikajua kuna gemu inakuja. Nilikuwa bado nimekukasirikia, lakini nilipofika kwenye "mwezi wa kwanza uwe wako" nikalainika kidogo. Nikarudi nyumbani saa tisa. Nikamkuta mama amevaa kitenge chake cha Krismasi, siku ya Ijumaa, na kuku wawili hawapo.

Sasa jione mwenyewe unachokituma. Mzee wa heshima, kanzu nyeupe, koti juu yake, kofia, amevuka ziwa. Anabisha hodi, anamuulizia baba kwa jina. Anakataa kumpa mama mzigo, anasema ametumwa amkabidhi mzee mkononi. Ametumwa na nani? Na kijana Mihayo, mtoto wa marehemu Bwana Nestory. Kwa habari gani? Habari za Hellen, anasema, zimo ndani ya bahasha. Na mzigo umefungwa kwa kitambaa cheupe kipya, bahasha juu, imebandikwa.

Mihayo, wewe umezaliwa wapi? Mtu wa nchi hii anamtuma mshenga bila kujua kwamba ametuma mshenga?

Baba aliupokea kwa mikono miwili. Mama alipiga kigelegele kimoja, akajiziba mdomo. Wakamlisha Mzee Muhidin kuku na wali, naye kwa adabu zake akala, akashukuru, akaombea nyumba heri, akaenda kwa binti yake bila kujua amefanya nini. Na kwa kuwa barua ya posa haifunguliwi na baba peke yake, ameipandisha juu ya kabati la vyombo, juu ya sinia, mpaka baba mkubwa Machibya aje kutoka Kisesa. Anakuja Jumamosi, tarehe 20 Julai. Ataifungua na kuisoma mbele ya watu wote.

Na watu wa Magu wameambiwa wasije kwanza. Baba amewajibu kwamba kuna barua ndani ya nyumba, na barua ya pili haiingii mpaka ya kwanza ijibiwe.

Nilikuwa na barua yako mkobani. Ningeweza kusema palepale, baba, hiyo ni gemu tu. Nilifungua mdomo. Nikafunga. Nitakwambia kwa nini, kwa sababu mmoja wetu lazima aanze kusema mambo kabla hayajapangwa vizuri. Nilinyamaza kwa sababu nilifurahi. Nilisimama pale mlangoni na vumbi la chaki mikononi, nikaona kile kitambaa, na kwa muda ule nilisahau kilicho ndani. Ndivyo nilivyotaka iwe tangu nikiwa natoka gatini na kopo la maziwa kwapani. Sikuwa nangoja gemu peke yake, Mihayo. Nilikuwa natoa kwanza barua.

Sasa nisikilize. Kama ndani ya kitambaa kile ni gemu na basi, niandikie hivyo, kwa maneno machache. Nitamwambia baba mwenyewe kabla ya tarehe 20, aibu nitaibeba mimi, na watu wa Magu watafunguliwa njia. Sitakulaumu na sitakuandikia tena. Kama kuna zaidi ya gemu, unajua tarehe. Hesabu za darasa la sita nilikusaidia, hili sikusaidii.

Hellen


Nyakato, Mwanza
Jumapili, 14 Julai 2024

Kwa Mzee Yakobo,
Nansio, Ukerewe

Baba, shikamoo, na mama pia shikamoo.

Anayewaletea barua hii ni Mzee Muhidin yuleyule. Safari hii nimemweleza anabeba nini. Alinigombeza sana, akasema angejua tangu mwanzo asingekula mapaja yote mawili ya kuku.

Baba, mzigo ulioko juu ya kabati lenu ni gemu ya kuchezea. Barua iliyo juu yake inakuomba tu umpe Hellen. Sikujua namna ulivyofungwa utaonekana vipi, na kosa hilo ni langu, Hellen hakulijua kabla. Nakuomba radhi wewe, mama, na Baba Mkubwa Machibya.

Lakini nilipoambiwa mlichokifikiria mlipouona, nilikaa kitandani nikaona kwamba mlichofikiria ninyi ndicho cha kweli, na nilichoandika mimi ndicho cha uongo. Nampenda Hellen. Nimempenda tangu tunakaa kwenye magunia ya mbegu nyuma ya jineri uliyokuwa unapimia pamba. Sikuwahi kusema kwa sababu kila mwaka niliona mwakani nitakuwa mtu bora zaidi wa kusema. Nyumba itakuwa imekwisha, cheo kitakuwa kimepanda. Hiyo nyumba ina mpapai ndani. Cheo ni kilekile. Mimi ndiye huyu, baba, sijaboreshwa.

Naomba kumwoa binti yenu. Barua hii sikuiandika mara nne. Nimeiandika mara moja.

Naambatisha na ile gemu ya kijivu uliyomnunulia Hellen mwaka 1999. Iliharibikia mikononi mwangu kwa sababu nilingoja betri nzuri, na kwa miaka ishirini na moja niliona haya kuirudisha. Sasa naitoa.

Ni mimi mtoto wako,
Mihayo Nestory


Nansio, Ukerewe
Jumapili, 21 Julai 2024

Kijana Mihayo,

Marahaba. Sisi wazima.

Jana familia ilikutana. Tumepokea barua zako mbili. Ya kwanza inatuomba tumpe Hellen gemu. Ya pili inatuomba tukupe Hellen. Kaka yangu Machibya alizisoma zote mbili kwa sauti ileile anayosomea matangazo kanisani, na alipofika kwenye mpapai akasimama kidogo kuthibitisha mbele ya wote kwamba ni kweli, upo, na mapapai yake ni matamu.

Usidhani ulitupotosha kwa muda mrefu. Jumatatu ile ya kwanza mama yake Hellen alikuwa anatoa vikombe, kabati likalia, tiriri, tiriri, kama kengele ndogo. Tukatazamana. Hakuna barua ya posa inayolia hivyo. Mimi nimewalea ninyi wawili nyuma ya jineri, nimewafukuza juu ya magunia yangu zaidi ya mara mia, sauti ya gemu naijua. Mama yake akataka tufungue. Nikamwambia acha, iliyofika kwa adabu ikae kwa adabu. Tumpe kijana muda tuone kama ataleta barua yenyewe. Watu wa Magu niliwaambia kuna barua ndani, na sikuwadanganya, barua ilikuwepo. Ngosha ni mtu mzima, ameelewa, ametutumia gunia la mchele na salamu. Kama ungechelewa wiki moja zaidi, mchele huo tungeupokea kwa sababu nyingine.

Ile ya kijivu nimeipokea. Nakumbuka siku niliyoinunua. Pamba ilikuwa imepata bei, na mtoto wangu alikuwa amewashinda watoto arobaini na wanane. Nimeiweka kabatini, mahali pa ile nyingine.

Sisi tumekubali. Walete wazee wako mwezi wa nane, tarehe mtakayoiona, lakini mwezi wa nane huu. Machibya amesema bati zilizopo madukani sasa zinazuia mvua vizuri. Na kama kuna mtu amekwambia mwakani kuna toleo jipya, mimi baba yake nakuthibitishia hakuna. Hellen ni huyu huyu.

Yeye mwenyewe tulimuuliza mbele ya wote kama amekubali. Akasema majibu yake ataandika mwenyewe.

Baba yako,
Yakobo


Nansio, Ukerewe
Jumapili, 21 Julai 2024

Mpendwa Mihayo,

Kitambaa nimekifua, nimekikunja, nimekiweka kwenye sanduku langu. Gemu wamenikabidhi jana jioni baada ya wazee kula. Nilikaa nayo kwenye ngazi za nyuma. Nilitafuta ndani yake mpaka nikapata mchezo wa matofali. Upo, Mihayo, una rangi nyingi na muziki, lakini matofali ni yaleyale na yanaanguka vilevile. Baba alikuja akasimama nyuma yangu, hakunifukuza.

Nilicheza mara moja tu. Nilikuwa nafanya vizuri, nikafika mbali, halafu nikaanza kulia, sioni vizuri, yakajaa mpaka juu.

Nimekufa. Sheria unaijua, nami sitaivunja kama wewe. Ni zamu yako. Lakini Queen nimemwambia habebi, na Mzee Muhidin mwache apumzike. Meli inatoka huko asubuhi, mimi nitakuwa gatini. Njoo uichukue mwenyewe.

Wako,
Hellen